Maswali yenu mwezi huu: Igamba, Malagarasi na umeme wa mabwawa

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu mtambo wa umeme wa maji unaojengwa pale maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi, huku kwetu Kigoma, nikadhani yameisha. Kumbe jamani! Meseji zimekuja kuanzia Kakonko mpaka Sikonge, nyingine ndefu kuliko hata nilichoandika mimi. Nimechagua hizi saba, nimezifupisha kidogo ila maneno ni ya wenyewe.

Kaka mhariri habari ya kazi. Hivi kwanini Rufiji wamejengewa bwawa la megawati 2,115 afu sisi Malagarasi tunapewa megawati 49.5? Mto si mto tu, na wetu ndo wa pili kwa urefu Tanzania? Mi naona Kigoma tunapewaga makombo kila siku. (Baba Mapacha, Gungu)

Nzuri kaka, pole na majukumu. Hasira yako naielewa kabisa, mi nimekulia mjini hapahapa enzi za majenereta ya dizeli, mafuta yakichelewa kufika mji mzima giza, mama anatoa kibatari uvunguni tunasomea hicho na asubuhi ukipenga kamasi zinatoka nyeusi. Kwahiyo usinichukulie kama mtu aliyezaliwa akakuta swichi ukutani.

Ila haya si makombo, ngoja nikuoneshe. Umeme wa maji unatokana na vitu viwili: maji kiasi gani yanapita, na yanashuka kutoka juu kiasi gani. Chukua ndoo ya lita 20, panda nayo mwembe mita tano, mwaga. Nguvu iliyotoka hapo hata ungeidaka yote isipotee hata chembe inawasha taa ya wati 10 kama dakika moja na nusu, basi imezima. Sasa ndoo hiyohiyo ukaimwagie mita 850 juu, ambayo ndo kama mshuko wa maji ya mtambo wa Kihansi, taa ileile inawaka zaidi ya masaa manne. Ndo maana Kihansi ni mto mdogo tu lakini unatoa megawati 180. Rufiji wenyewe utajiri wao ni wingi wa maji, pale Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu zote zimeshamwaga, halafu vilima vimebana mto, wakapata pa kuegemeza ukuta wa mita zaidi ya 130 kwenda juu na kama kilomita moja kwa urefu, nyuma yake zinakaa mita za ujazo zaidi ya bilioni 30, mbele mashine tisa kila moja megawati 235.

Malagarasi haina umbo hilo. Panda treni ya reli ya kati kutoka Tabora kuja huku wakati wa masika, ukishapita Nguruka chungulia dirishani, maji yametandaa kwenye nyasi mpaka macho yanachoka. Hapo ukijenga ukuta mkubwa maji hayapandi juu, yanatandaa zaidi, yanafuata mashamba na nyumba za watu. Mteremko wa maana mto unaupata kule chini, unapoanza kushukia ziwani, na Igamba ni mojawapo ya hizo sehemu. Kwahiyo wamepima mguu ndo wakakata kiatu. Na megawati 49.5 kaka si haba, kwa mkoa ulioishi kwa kuunguza dizeli miaka yote ile. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo wa dola milioni 140 kwa kazi hiyo mwaka 2020, na umeme wake unatakiwa usafiri zaidi ya kilomita 50 kuja kituo cha kupoza umeme cha Kidahwe, yani mlangoni kwetu.

Kijana wangu, mimi nimevua Malagarasi tangu nikiwa mdogo. Huku kwetu mdomoni mwa mto tunaambiwa wakimaliza mtambo wa Igamba maji yatakuwa yanafungwa na samaki wataisha. Wengine wanasema tutafunguliwa maji usiku tusombwe. Tuseme ukweli, ni kweli au maneno ya vijiweni? (Mzee mvuvi, Ilagala)

Shikamoo mzee wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu na nitalijibu kwa urefu maana nyie wa mdomoni ndo mnabeba kila kinachofanywa huko juu.

Kuna mitambo ya aina mbili. Upo wa bwawa la kuhifadhi, kama Mtera au lile la Rufiji, unakusanya maji ya masika unayatumia kiangazi. Na upo wa maji yanayopita, wanaweka kizuizi kifupi, sehemu ya maji inaingia mfereji na bomba, inazungusha mashine, inarudi mtoni palepale chini kidogo. Igamba ni wa aina ya pili. Hauna tangi la kufungia mto miezi, kwahiyo yale ya kukaushiwa mto Ilagala ondoa wasiwasi, kinachoingia juu kinatoka chini.

Pa kuangalia mzee ni kile kipande cha kati, kati ya maji yanapochotwa na yanaporudishwa. Hapo mto unabaki na kile tu ulichoachiwa, na kipande kifupi hicho kinaweza kuwa ndo nyumba ya kiumbe ambaye hana kwingine. Tulishajifunza Kihansi kwa uchungu. Kule chini ya maporomoko kulikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mzima hazidi ukucha wa kidole gumba kwa kiasi kikubwa, hatagi mayai, anazaa vitoto vinatembea kabisa. Aliishi kwenye rasharasha ya maporomoko, duniani kote hapo tu. Mtambo ukaanza, maji yakahamia kwenye bomba, rasharasha ikakata. Mwaka 2000 chura wapatao 500 wakakimbizwa Marekani wakalelewe kwenye bustani za wanyama, yakawekwa na mabomba ya kunyunyizia pale bondeni kuigiza rasharasha, lakini waliobaki waliisha, mwaka 2009 ikatangazwa hayupo tena porini. 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Fikiria gharama hiyo yote, na ingetosha kujua mapema huyu kiumbe anataka maji kiasi gani.

Na Igamba si geni kwa hili. Kabla ya mradi wa sasa Wamarekani kupitia Millennium Challenge Corporation walitaka kugharamia mtambo mdogo wa megawati 8 hapohapo, uchunguzi ukakuta viumbe adimu eneo la maporomoko, mpango ule ukaachwa. Wapo waliokasirika wakati ule wakisema konokono wamewazidi watu thamani. Mi sikubali maneno hayo. Malagarasi ni mto mzee kuliko ziwa Tanganyika lenyewe, wataalamu wanaona kwenye samaki wake, kuna wanaofanana na wa Kongo ambao ziwani hawapo kabisa. Sasa ukiharibu kitu cha umri huo unakirudisha na nini? Umeme tunautaka na tunauhitaji, ila maji ya kuachiwa mto lazima yawe yameandikwa kiasi gani na yaachwe kweli, hata mwezi wa tisa mto ukiwa mwembamba na mashine zinayatamani.

Kuhusu kufunguliwa maji usiku, kwa mtambo wa maji yanayopita hatari hiyo si kama ya bwawa kubwa. Lakini naelewa hofu imetoka wapi. Masika ya 2024 Rufiji na Kibiti walifurika, mashamba na nyumba vikaenda, mvua za El Nino zilikuwa kubwa na bwawa limejaa likawa linamwaga. Bonde la Rufiji limefurika tangu mababu, mafuriko hayakuja na bwawa, na bwawa lenye nafasi linapunguza makali ya maji, ila likishajaa kinachoingia lazima kitoke. Kwahiyo mtu wa chini ana haki ya kuambiwa siku kadhaa kabla, kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa kengele ya kanisa, kwa mtendaji kupita nyumba kwa nyumba. Nyie Ilagala ombeni hilo sasahivi kabla mashine hazijawashwa, mwambieni mwenyekiti aitishe kikao wahusika wa mradi waje waeleze mbele yenu: nani anapiga simu, anampigia nani, na kisipopatikana mtandao inakuwaje.

Mwangaluka mhariri. Afisa mmoja alikuja kijijini kwetu akasema sisi wakulima wa tumbaku tunahatarisha umeme wa Kigoma. Mimi niko Kaliua, Kigoma nimefika mara moja tu kwenye msiba. Bani langu la kukaushia tumbaku na bwawa la Kigoma vinahusianaje? (Mkulima, Kaliua)

Mwangaluka, ndugu yangu. Vinahusiana sana, ila huyo afisa angekaa akakueleza vizuri badala ya kukutupia lawama.

Angalia maji ya kwenu yanaenda wapi. Mito ya Tabora mingi inaangukia Igombe au Ugalla, na hiyo yote inaenda Malagarasi. Kabla ya kufika Igamba maji yanapita kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Moyowosi, kilomita za mraba 32,500, ilitangazwa eneo la Ramsar, yani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000 na ndo la kwanza Tanzania. Ile tope na mafunjo unayoiona haina faida ndo tangi letu. Nimemwambia mzee wa Ilagala kwamba Igamba haina bwawa la kuhifadhi, sasa nani anahifadhi? Ni hiyo tope. Inameza mafuriko ya mwezi wa tatu na wa nne kama sponji, halafu inayaachia kidogokidogo mpaka kiangazi. Bila hiyo masika mto ungepita kwa fujo siku chache afu mwezi wa tisa mashine zinaangaliana.

Sasa bani. Kukausha tumbaku kunakula kuni za miombo, tunalijua wote, na mti ukitoka mvua inapiga udongo mtupu, udongo unaingia kijito, kijito kinaingia Ugalla. Mchanga ule mgumu ukifika kwenye mashine unakwangua mapanga yake ya chuma, na kabla haujafika unaziba vidimbwi na mikondo ya ardhioevu. Ongeza ng'ombe wengi kupita kiasi na majaruba ya mpunga yanayolimwa katikati ya mkondo, sponji inakuwa uwanja.

Hii si nadharia. Nyie Tabora mnakumbuka mgao wa 2006? Sisi Kigoma hatukuwa hata kwenye gridi. Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa Mtera. Mtera ndo tangi la Kidatu, likishuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari mashine zake hazitakiwi kuendelea, na Kidatu ya megawati 204 chini yake nayo inalegea. Ukame ulikuwepo kweli, ila Ruaha Mkuu ilikuwa imeshaanza kukauka kabisa kila kiangazi tangu miaka ya 1990 ndani ya hifadhi, kwasababu kule Usangu maji yalikuwa yanachepushwa kwenye mashamba ya mpunga na Ihefu, ardhioevu ya hukohuko, inasinyaa. Na jinsi walivyotaka kuponya ndo mi naona walikosea zaidi, wafugaji wakafukuzwa kwa nguvu, ng'ombe wakafia njiani, familia zikatapanyika mpaka mikoa ya kusini, na mto haukurudi kama zamani. Ndo maana simtaki mtu aje Kaliua na fimbo. Nataka aje na miche, na fundi wa mabani ya kisasa yanayotumia kuni chache, na akae na nyie mpaka kuni za kupandwa zitoshe. Kwa upande wenu ile sheria ya mita 60 kutoka ukingo wa mto tuiheshimu, ipo kwenye sheria ya mazingira ya 2004. Nanyi mkitunza maji yanayowasha taa za Kigoma basi ni haki kabisa kuuliza nguzo zinafika lini kitongojini kwenu, ulizeni kwa sauti.

Kaka mi nina saluni Kasulu. Kwenye redio wanasema umeme umezidi mpaka mashine zinazimwa, afu kwangu unakatika mteja ana dawa kichwani. Ndo nini hicho? (Mama Saluni, Kasulu)

Pole dada, hiyo ya dawa kichwani inatia huruma maana inaunguza. Yote mawili ni kweli. Machi 2024, mashine ya kwanza ya Rufiji ikiwa imeshaingia na mvua kila mahali, vituo kadhaa vilizimwa kwasababu umeme ulizidi matumizi, na umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi, unazalishwa unatumika sekunde hiyohiyo. Lakini ghala la Sumbawanga likijaa Kasulu unashiba? Njia ndo tatizo. Mkoa wetu ulianza kuguswa na gridi mwaka 2022 kupitia upande wa Nyakanazi, tena kwa laini za msongo mdogo zinazosafiri umbali mrefu porini, tawi likianguka Kibondo wewe Kasulu unazimika. Njia kubwa ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Nyakanazi na ile ya kutokea Tabora kupitia Urambo na Nguruka ndo dawa ya huko juu. Huko chini kuna transfoma ya mtaani iliyowekwa kwa nyumba ishirini sasa ina mia na mashine za kusaga mbili, hiyo hata Rufiji ikijaa mara kumi haitakusaidia mpaka ibadilishwe, kwahiyo andikeni barua ya mtaa mzima mkiorodhesha siku na saa za kukatika, mtu mmojammoja akilalamika inaonekana ni tatizo la nyumba yake. Kwa sasa ukiwa na mteja wa dawa weka ndoo ya maji tayari kabla hujaanza kumpaka.

Ziwa lilipanda likala vibanda vyetu Kibirizi. Wavuvi wanasema Wakongo wamejenga bwawa wakaziba. Ni kweli? (Muuza dagaa, Kibirizi)

Hapana. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na ni mlango mwembamba. Maji mengi ya Tanganyika hayatoki kwa mto, yanaondoka na jua. Kwahiyo mvua zikizidi miaka mfululizo Malagarasi na Ruzizi zinaingiza kuliko jua linavyoweza kunyanyua, Lukuga inazidiwa, hasa ikiwa na mchanga na majani, ziwa linapanda. Ilishatokea kabla hata ya saruji kujulikana huku: yule msafiri Mzungu Stanley alipita 1876 akakuta Lukuga imezibwa na matope na mafunjo, ziwa limejaa, miaka miwili mbele kizibo kikapasuka chenyewe na ziwa likashuka mita nyingi. Mabibi zetu Ujiji walihadithiwa na mabibi zao maji yalikuwa yanafika wapi. Mama, kibanda kipya usijenge pale maji yalipoishia mwaka huu, jenga juu yake tena uache nafasi.

Nguzo kubwa zinapita shambani kwangu, nimeambiwa nisaini karatasi ya fidia. Nisaini? (Kazuramimba)

Usisaini kitu hujakisoma au hujasomewa na mtu unayemwamini. Sheria ya ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Si michikichi na mihogo tu, kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, na kama unahama nyumba kuna usafiri na pa kukaa. Mchikichi unaozaa na mche wa juzi havihesabiwi sawa, hesabu miti yako wewe mwenyewe na jirani akiwa shahidi, piga picha, ukiona fomu imeandikwa pungufu sema hapohapo mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Baki na nakala. Na uliza kabisa mkuza, yani ile njia ya nguzo na waya, ni upana gani na ndani yake unaruhusiwa kulima nini, maana mazao mafupi mara nyingi hayana shida ila mti mrefu chini ya waya hauruhusiwi, usije ukapanda tena michikichi ukakatiwa bila fidia.

Shikamoo anko. Mimi ni mwanafunzi wa form two Tabora. Babu anasema maji yakishatolewa umeme yanakuwa hayana nguvu, hayaoteshi mazao. Mwalimu anasema sio kweli. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Tabora)

Marahaba mwanangu. Mwalimu yuko sahihi, ila mwambie babu kwa adabu, na mweleze hivi: mashine inachukua ile kasi ya maji kuanguka, maji yenyewe haiyagusi. Ni kama mtu aliyebeba gunia kutoka mlimani akalitua, amechoka kushuka lakini gunia lina mpunga uleule. Kitu kimoja babu anaweza kuwa amekiona kwa macho na ni cha kweli: maji yakikaa sana kwenye bwawa kubwa udongo wenye rutuba unazama chini, yanatoka meupe, na mashamba ya bondeni yaliyozoea tope la mafuriko yanapungukiwa mbolea. Wamisri waliliona hilo baada ya bwawa la Aswan.

Sasa nikupe kazi. Chukua atlasi ya shule, weka kidole Ugalla hapo karibu na kwenu, fuata maji mpaka Malagarasi, pita Igamba, ingia ziwa Tanganyika, tafuta Lukuga utoke nayo Kongo, itakupeleka Lualaba, na Lualaba itakuwa mto Kongo, shuka nao mpaka Inga karibu na bahari ambako kuna mitambo miwili tangu miaka ya 1970 na 1980, mmoja megawati 351 na mwingine 1,424. Tone la mvua lililoangukia bati la nyumba yenu likinusurika jua la ziwani linaweza kuzungusha mashine ya Igamba na miaka mingi baadaye likazungusha ya Inga, maji yaleyale. Ichore njia yote hiyo kwenye karatasi moja, andika majina ya mito bila kuruka hata mmoja, mpe mwalimu akusahihishe afu nitumie picha yake.